Macho ya wagonjwa wa CCC (kliniki ya VVU) visiwani: lipi lisubiri kliniki, lipi lipande boti leo?

Zahanati_Pate:

Assalaam alaikum wenzangu. Swali hili ni la sisi tulio kwenye zahanati za visiwani, kuanzia Faza na Kizingitini mpaka kule Kiwayu. Tabibu wa macho hayuko karibu. Kumfikisha mgonjwa Amu ni boti, na kumfikisha Malindi ni boti mpaka Mokowe, kisha basi. Kusi ikikaza kuna siku bahari haipitiki.

Wanaoishi na VVU wakija na lalamiko la macho hawafanani. Huyu ana jicho jekundu linalowasha, yule ametokwa na malengelenge kwenye paji la uso, na mwingine jicho lake jeupe kabisa, haliumi, ila anasema anaona nzi wakipita. Wanaotia wasiwasi zaidi ni waliokatiza ARV, dawa za VVU, mwaka au zaidi, kisha wanarudi wamekonda. Vifaa vilivyopo ni tochi, chati ya E ya kupimia uoni, marhamu ya macho ya tetrasaiklini, asiklovia za miligramu 200 na 400, Septrin, na kile kipimo cha haraka cha CD4, chembe za kinga, kinachosema tu kama iko juu au chini ya 200.

Naomba kujua nipime nini hasa kwa vifaa hivi, dalili ipi isilale, na kipi nisikifanye nikidhani nasaidia.

Tabibu_Macho_Malindi:

Wa alaikum salaam, dada. Naanza na huyo anayeona nzi wakipita, kwa sababu ndiye anayeweza kupofuka huku kila anayemtazama akimwambia jicho lake ni zima.

Mtu ambaye CD4 yake iko chini ya 50, akiona vidoa au nyuzi nyeusi zinazoelea, au vimulimuli pembeni, au sehemu ya anachokitazama ikamezwa na kivuli, mchukulie kuwa ana CMV (virusi vya sitomegalo) kwenye retina mpaka aliyempanua mboni aseme sivyo. Virusi hivi wengi wetu tunavipata tukiwa wadogo na vinalala mwilini maisha yote bila kutusumbua. Kinga ikianguka vinaamka, vinapita kwenye damu na kuingia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Hapo vinakwenda kama moto kwenye paa la makuti: ulikopita pamekufa, na ukingo unaosonga ndio unaowaka. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo jicho haliumi. Na haliwi jekundu kwa sababu wekundu na uvimbe huletwa na kinga inapopigana, na huyu hana askari wa kupigana. Jicho jeupe, tulivu, lisilouma, kwa mtu aliyekonda na aliyeacha dawa, liogope kuliko jekundu.

Retina iliyokufa hairudi. Dawa huokoa iliyobaki tu, ndiyo maana siku zina thamani. Tena palipopona kwa kovu utando unabaki mwembamba kama karatasi iliyolowa. Ukitoboka, maji ya ndani ya jicho hupenya nyuma yake na kuubandua. Mgonjwa atakuambia pazia limeshuka. Hapo vidonge peke yake havitoshi, anahitaji upasuaji wa retina, na huo ni safari ya Mombasa au Nairobi.

Kipimo chako cha haraka hakitakuambia kama ni 180 au 18. Basi mwenye lalamiko la kuona, na kipimo kimesema chini ya 200, mtendee kama aliye chini ya 50 huku damu ikienda maabara kwa hesabu kamili.

Sasa kupima. Chukua kamba, ipime mita 6, ipige fundo kila ncha, ibaki na chati siku zote. Wengi hukadiria kwa hatua na vipimo vyote vinaharibika hapo. Tundika chati kivulini penye mwanga wa kutosha, mgonjwa asitazame jua. Jicho moja moja, lingine alifunike kwa kiganja, maana akitumia vidole atachungulia katikati yake. Asipoiona E kubwa kabisa msogeze mita 3, kisha ahesabu vidole vyako mita 1, kisha mkono unaopungwa, kisha mwanga wa tochi. Andika kila jicho peke yake. Ukiandika "anaona vizuri" kwa macho mawili hujaandika kitu, kwa sababu jicho zima humficha bovu. Halafu toboa kadi kwa sindano, tundu la milimita moja hivi, achungulie humo: akiongeza mistari, shida yake ni ya miwani, asipobadilika, kuna ugonjwa wa kutafutwa.

Usiishie kwenye chati. CMV mara nyingi huanza pembezoni mwa retina, na mgonjwa anaweza kusoma mstari wa mwisho huku robo ya uwanja wake wa kuona imeshapotea. Kaeni uso kwa uso, mita moja kati yenu. Yeye afunike jicho la kushoto, wewe funika lako la kulia, akutazame puani bila kuhama. Onyesha kidole kimoja, viwili au vitano juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Pembe asiyoiona wakati wewe unaiona, iandike.

Mwisho mboni. Chumba kiwe na giza. Tochi jicho la kulia, hesabu mpaka tatu, hamisha haraka kwenda la kushoto, hesabu tatu, rudi. Mboni zote mbili zinatakiwa zibaki zimefinyika. Ukiona mboni ya jicho moja inatanuka tochi inapoliangazia, retina au mshipa wa fahamu wa jicho hilo umeumia sana. Mtoto wa jicho peke yake hafanyi hivyo, hivyo hata ukiona ukungu mweupe ndani ya mboni, usiridhike nao.

Yote haya hayachukui dakika kumi na tano.

Akifika kwetu anatiwa matone ya tropikamaidi ya asilimia 1, anasubiri dakika 20 hadi 30, kisha retina inatazamwa mpaka pembezoni kwa taa ya kichwani na lenzi ya mkononi. Ile kurunzi ndogo ya kushika, bila kupanua mboni, inaonyesha katikati tu. Kitabu cha mgonjwa kikisema retina ni nzuri, uliza ilitazamwa kwa kifaa gani. Wakati mwingine tunakuta vidoa vidogo vyeupe kama pamba na hakuna kingine. Hivyo ni vya VVU vyenyewe, havipunguzi uoni na havina dawa yake, vinaondoka ARV zikifanya kazi. Lakini vinasema kinga iko chini, na huyo arudi kutazamwa tena.

Maoni yangu, na nayasema kwa uzito: aliye chini ya 100 apanuliwe mboni hata kama hana lalamiko. Aliye chini ya 50 arudiwe kila miezi mitatu hivi mpaka CD4 ipande.

Mfamasia_Kilifi:

Shukran tabibu. Niongeze upande wa dawa, kwa sababu makosa mengi yanatokea kwenye hesabu.

CMV ya jicho hutibiwa kwa valgansiklovia miligramu 900 mara mbili kwa siku, siku 14 hadi 21, kisha 900 mara moja kwa siku. Kidonge ni cha miligramu 450, kwa hiyo siku 21 za mwanzo ni vidonge 84, na kila mwezi unaofuata ni 60. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, lakini ni ghali na si ya kuikuta kila duka, kwa hiyo hakikisheni ilipo kabla mgonjwa hajasafiri. Inamezwa na chakula, vinginevyo inayoingia mwilini hupungua. Kidonge kisivunjwe wala kusagwa, kina sumu kwa anayekishika. Mwanamke asishike mimba akiwa anaitumia, na mwanamume atumie kondomu mpaka siku 90 baada ya kuacha.

Hatari yake kubwa ni damu: inashusha chembe nyeupe, wekundu wa damu na chembe za kugandisha. Hesabu kamili ya damu ifanywe kabla, kisha kila wiki katika zile wiki za mwanzo. Hemoglobini ikiwa chini ya 8, au chembe za nyutrofili chini ya 500, haianzishwi. Aliye kwenye mchanganyiko wenye zidovudini, msemeni kwa daktari wake kwanza, maana zote mbili zinakandamiza uboho. Mwenye figo dhaifu dozi inapunguzwa.

Kuna njia ya gansiklovia kuchomwa ndani ya jicho lenyewe, miligramu 2, kwa kawaida kila wiki. Inasaidia sana moto ukiwa karibu na katikati ya retina. Lakini inalinda jicho lililochomwa tu. Jicho la pili, utumbo na ubongo vinabaki wazi, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ndiyo tiba nzima. Dozi ya kuzuia inaendelea mpaka CD4 imekaa juu ya 100 kwa miezi mitatu hadi sita na tabibu ameona retina imetulia.

Kuhusu malengelenge ya paji la uso: huo ni mkanda wa jeshi wa tawi la juu la mshipa wa fahamu wa uso, na asiklovia yake ni miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7 hadi 10. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumpa 200 mara tano. Hiyo ni dozi ya malengelenge ya kawaida ya mdomoni na haitoshi kabisa hapa. Kwa vidonge vya 400 ni viwili kila mara, 10 kwa siku, 70 kwa wiki. Kwa vya 200 ni vinne kila mara, 140 kwa wiki. Mwandikie saa zake: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Anywe maji mengi, na asiye na figo nzuri dozi ipunguzwe. Ianze ndani ya saa 72 tangu malengelenge ya kwanza. Zikipita lakini bado yanatoka mapya, au jicho limeshaguswa, mpe vilevile.

Ile krimu ya asiklovia ya ngozi, ya asilimia 5, isiingie jichoni.

Tabibu_Macho_Malindi:

Hapo kwenye mkanda wa jeshi, dada, tazama ncha ya pua. Tawi dogo linalokwenda ncha ya pua ndilo hilohilo linaloingia ndani ya jicho. Malengelenge yakiwa ubavuni au kwenye ncha ya pua, jicho limo hatarini hata kama leo halijawa jekundu. Bila hayo jicho bado linaweza kuguswa, kwa hiyo yasikutulize kupita kiasi. Mpeleke ndani ya siku moja mbili, akiwa ameshaanza vidonge. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hupoteza hisia, mgonjwa hapepesi vizuri, kioo kinakauka na kuchubuka bila yeye kujua. Marhamu yako ya tetrasaiklini usiku ni kinga nzuri hapo. Na kijana aliyepata mkanda wa jeshi wa jicho bila kujua hali yake, apimwe VVU siku hiyohiyo.

Ulichouliza kuhusu kisichofanywa: matone yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Madukani yanauzwa kama dawa ya jicho jekundu, yamechanganywa na antibiotiki. Soma kibandiko: ukiona jina linaloanza na dexa, pred au betametha, liweke chini. Jicho litakuwa jeupe kwa siku mbili na mgonjwa atashukuru, huku virusi au kuvu vinakula konea bila kizuizi. Steroidi zina kazi yake, tena kubwa, lakini baada ya jicho kutazamwa kwa mashine. Wanja, maziwa ya mama na maji ya majani navyo visitiwe. Waulizeni kwa upole, bila kuwakaripia, maana wakikaripiwa wataficha.

Muuguzi_CCC:

Kabla hamjamrudishia ARV mgonjwa wa macho, ulizeni kichwa. Kichwa kinachouma kwa siku kadhaa, kuona vitu viwili viwili, jicho lisiloweza kutazama nje, au uoni unaozimika sekunde chache akiinuka: hilo si la matone. Hiyo ni homa ya uti wa mgongo ya kuvu mpaka ithibitishwe vingine. Presha ya maji ya ubongo inapanda na kuubana mshipa wa jicho. Kipimo cha CrAg, cha kutafuta kuvu hiyo, kinahitaji tone la damu na dakika 10. Akiwa nayo na ana dalili hizo, aende hospitali anakoweza kutolewa maji ya mgongo, kwa sababu kuyatoa ndiko kunakoshusha presha na kuokoa macho.

Na hapa ndipo ARV zinahitaji saa yake. Kwa CMV ya jicho, ARV zinaanza si zaidi ya wiki mbili baada ya kuanza valgansiklovia. Kwa kuvu ya ubongo zinasubiri wiki 4 hadi 6 tangu dawa za kuvu zianze, maana kinga ikirudi ghafla ubongo unavimba na mgonjwa anaweza kufa. Yule ambaye tayari anameza ARV zake kila siku, asiziache kwa sababu ya jicho. Wiki au miezi baada ya CD4 kupanda jicho lililokuwa na CMV linaweza kupata ukungu na vidoa vipya, na watu wanadhani dawa zimemdhuru. Ni kinga iliyorudi inapambana na mabaki. Linatibiwa na tabibu wa macho huku ARV zikiendelea.

Mwenye kifua kikuu anayemeza ethambutoli, muulizeni rangi kila mwezi. Kifuniko chekundu cha chupa kinatosha: jicho la kulia, jicho la kushoto, je, wekundu ni sawa? Akisema upande mmoja umefifia au umekuwa kama kahawia, au macho yote yamepungua pamoja bila kuuma, ethambutoli isimame siku hiyo. Isimame hiyo tu. Kwa kuwa imo kwenye kidonge kimoja na wenzake, piga simu kwa msimamizi wa kifua kikuu abadilishe mchanganyiko, mgonjwa asirudi nyumbani bila dawa.

Pia jicho jekundu linaloumia mwangani, chukueni kipimo cha kaswende. Ikiwa imo, kaswende ya jicho hutibiwa kama ya ubongo, penisilini ya mshipani uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, siku 10 hadi 14. Sindano ya benzathini ya matakoni haitoshi.

Zahanati_Pate:

Mungu awalipe. Nina mawili ya mwisho. Wavuvi wetu wengi wana kinyama jichoni, na tumezoea kuwaambia ni jua na chumvi. Kwa mwenye VVU nitajuaje kama ni kinyama cha kawaida? Na nikiandika rufaa, kipi kisikose?

Tabibu_Macho_Malindi:

Swali la kinyama ni zuri sana, maana huku kwetu Afrika Mashariki saratani ya utando wa jicho inakwenda pamoja na VVU na jua kali, na inakaa palepale kinyama kinapokaa, pembeni mwa konea kwenye weupe unaobaki wazi kati ya kope. Kinyama cha kawaida ni bapa, kina umbo la pembetatu, ncha yake inaelekea kwenye mboni, na kinakwenda kwa miaka. Tilia shaka kilichoinuka kama uvimbe, chenye ganda jeupe juu kama ukoko wa chumvi, au kinachong'aa kama ute, kilichozungukwa na mishipa minene ya damu, au chenye rangi ya kahawia, na hasa kilichokua ndani ya wiki au miezi michache. Kwa macho peke yake hata sisi tunakosea. Kwa hiyo kila kinachokatwa kiende maabara kwenye chupa ya formalini ya asilimia 10. Mgonjwa akuonyeshe majibu, na asipokuwa nayo, yaulizwe.

Kukata peke yake hakutoshi, hurudi. Jaribio lililofanywa hapa Kenya na kuchapishwa 2016 liliwapa wagonjwa baada ya upasuaji matone ya fluorourasili ya asilimia 1, mara nne kwa siku, wiki nne. Katika mwaka mmoja uvimbe ulirudi kwa asilimia 11 hivi ya waliopewa, na asilimia 36 ya waliopewa matone yasiyo na dawa. Matone yanachoma na kutoa machozi, mgonjwa aambiwe mapema asije akayaacha siku ya tatu. Aliyechelewa, uvimbe ukaingia kwenye tundu la jicho, huondolewa jicho lote, na ukifika ndani zaidi huondoa uhai. Huyu hahitaji boti ya leo, lakini asivuke mwezi. Wavuvi wavae kofia pana na miwani ya jua. Maji yanarudisha mwanga kutoka chini, kofia peke yake haikingi.

Rufaa: uoni wa kila jicho kwa namba, pembe asiyoona, mboni, lini lilianza, CD4 na tarehe yake, ARV gani na mara ya mwisho kumeza, CrAg, dawa za kifua kikuu kama zipo, na ulichompa mpaka sasa. Itie kwenye bahasha uifunge, apewe mgonjwa mwenyewe, si nahodha wala jamaa. Visiwani watu wanajuana. Piga simu kabla boti haijang'oa, uulize kama tabibu wa macho yuko siku hiyo na kama dawa ipo. Na asafiri na mtu wa kumshika mkono, kwa sababu mboni ikishapanuliwa uoni wa karibu unabaki na ukungu kwa saa nne hadi sita, na ngazi za gati la Mokowe hataziona vizuri.